Jinsi ya kumpima na kumtibu mtoto mgonjwa kwa mwongozo wa IMCI, hatua kwa hatua

Mama ameingia na mtoto wa miezi tisa. Homa na kikohozi tangu juzi. Nje benchi limejaa, wengine wamekaa chini ya mwembe, na mkono wako tayari unajua utakachoandika: kipimo cha malaria, mseto, panadoli, mwingine aingie. Nimekalia kiti hicho miaka mingi nikiwa tabibu, na naandika haya kwa ajili ya dakika chache ambazo mtoto yuko mbele yako. Kijitabu cha IMCI, yaani mwongozo jumuishi wa kutibu magonjwa ya watoto, mara nyingi hulala kabatini mpaka siku ya wakaguzi. Naomba kitoke kabatini, kiwe wazi mezani, na kifuatwe kwa mpangilio wake kabla kalamu haijagusa karatasi.

IMCI ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF katikati ya miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Ilipofanyiwa tathmini hapa kwetu, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilizokuwa zikiitumia zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa hazijaianza. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika zile mbili za kwanza. Watafiti walikiri kwamba tofauti hiyo peke yake haiondoi uwezekano wa bahati. Lililoonekana wazi ni kwamba watoto walipimwa vizuri zaidi, walipewa matibabu sahihi zaidi, na gharama haikupanda. Kwangu mimi hilo linatosha kunifanya nifungue kijitabu kila asubuhi.

Vipimo vya dawa nitakavyotaja ni vya chati ya WHO. Kijitabu cha wizara yako kikiandika tofauti, fuata cha wizara.

Hatua ya 1: Andaa meza kabla mgonjwa hajaingia

Saa yenye mshale wa sekunde au taimu ya kuhesabia pumzi, kipimajoto, mzani unaosoma sifuri ukiwa mtupu, utepe wa kupimia mkono, kipima oksijeni cha kidoleni kama kipo, kikombe, kijiko, maji salama na pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Saa ya ukutani ikiwa imekufa, simu yako ina saa.

Angalia pia kama kijitabu ni toleo linalotumika sasa. Mwaka 2014 WHO ilibadili upangaji wa nimonia: mtoto anayebonyea kifua (mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta pumzi) lakini hana dalili ya hatari anatibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa, wakati zamani alipewa rufaa moja kwa moja. Mwenye VVU anayebonyea kifua bado anapelekwa hospitali. Wafanyakazi wawili wenye matoleo mawili tofauti watavutana juu ya mtoto mmoja, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi, na mtoto anasubiri.

Hatua ya 2: Uliza umri kabla ya ugonjwa

Mtoto wa chini ya miezi miwili ana chati yake peke yake. Ukimpima kwa chati ya wakubwa utamwona mzima wakati anakufa. Kwake yeye kutonyonya vizuri, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa baridi chini ya nyuzi 35.5, kujongea pale tu anapoguswa, degedege, kifua kubonyea sana, au, kwa aliye chini ya siku 7, pumzi 60 na zaidi kwa dakika, lolote kati ya hayo ni ugonjwa mkali; wa siku 7 na kuendelea mwenye pumzi za haraka pekee ana nimonia. Pumzi zikifika 60, hesabu tena, maana watoto wachanga hupumua bila mpangilio. Yote yatakayofuata hapa ni ya mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano.

Aliyemleta akiwa bibi, mwamkie kwanza, kisha uliza kama ndiye anayelala na mtoto. Bibi aliyeachiwa mjukuu asubuhi hii hajui usiku ulikwendaje. Kama mama ana simu, mpigieni.

Hatua ya 3: Tafuta dalili za hatari, zote, kwa kila mtoto

Ni nne, pamoja na ile unayoiona kwa macho ikiwa mtoto anapata degedege mbele yako. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege katika ugonjwa huu. Amelegea sana au hana fahamu. Moja tu ikiwepo, mtoto huyo ni wa rufaa ya haraka, na hatua zilizobaki unazimaliza kwa kasi.

Ugumu uko katika kuuliza. Ukimwambia mama, "Anatapika?" atasema ndiyo, maana alicheua maziwa asubuhi. Uliza, "Kuna chochote kinachokaa tumboni? Maji je, ziwa je?" Kama huna hakika, mpe mtoto ziwa au maji kwa kijiko mbele yako na utazame. Mtoto anayeanza kunyonya akaacha kwa sababu pua imeziba si sawa na yule ambaye ziwa linamdondoka mdomoni.

Degedege linahitaji uangalifu zaidi. Katika sehemu nyingi za Pwani na Morogoro, neno hilo lina uzito wake: wapo wanaoamini ni ndege au shetani aliyempitia mtoto, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama anayeamini hivyo, au anayeishi na mama mkwe anayeamini hivyo, hatakujibu "ndiyo" kwa urahisi. Atakuambia mtoto "alishtuka". Basi uliza kwa alama: "Macho yaligeuka juu? Mikono ilikakamaa? Ulimwita asisikie?" Sauti iwe ya kawaida, bila kukunja uso. Akishakueleza, mshukuru kwamba amesema. Usimfokee hata kama alipitia kwa mganga kwanza. Amefika kwako, na mtoto wake mwingine akiugua unataka aje kwako mapema zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandikia mseto mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye kipimo kilionyesha malaria. Sikuuliza kama anatapika. Mama yake alilisema hilo akiwa dirisha la dawa: kila kinachoingia kinatoka, tangu usiku. Muuguzi aliyekuwa anatoa dawa ndiye aliyemrudisha kwangu. Tulimpa artesuneti, dawa ya malaria kali, tukampeleka hospitali ya wilaya, akapona. Vidonge nilivyoviandika vingeishia kwenye kanga ya mama yake, na mimi ningejiandikia katika rejesta ya MTUHA, ile ya taarifa za afya za kituo, kwamba nimetibu malaria.

Hatua ya 4: Kikohozi. Hesabu pumzi, dakika nzima

Kama kuna hatua moja inayorukwa kuliko zote, ni hii. Kuhesabu pumzi hakuhitaji umeme wala maabara, na ndiko kunakotenganisha mafua na nimonia.

Mtoto awe ametulia. Kama amelala, mwambie mama asimwamshe. Kama analia, mpe ziwa, subiri. Usianze na kipimajoto wala kuchoma kidole, maana baada ya hapo hutapata pumzi za kweli. Mwombe mama apandishe fulana mpaka kifuani. Shika saa karibu na tumbo la mtoto ili jicho lako lione mshale na tumbo kwa pamoja. Hesabu kila tumbo linapoinuka, mpaka sekunde 60 zitimie. Usihesabu sekunde 30 ukazidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto huenda haraka kisha akapoa kidogo, na makosa yako yatazidishwa pia.

Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Mwaka mmoja hadi mitano: 40 au zaidi. Namba yenyewe iandike kwenye kadi, usiandike "anahema haraka" tu. Utaihitaji akirudi.

Baada ya kuhesabu, tazama sehemu ya chini ya mbavu. Mtoto anapovuta pumzi ndani, kifua kinatakiwa kupanuka. Mbavu za chini zikiingia ndani wakati huo huo anaovuta, na ikawa hivyo kila pumzi, hapo kifua kinabonyea. Ngozi ya katikati ya mbavu peke yake haihesabiki, na mtoto anayelia au kunyonya anaweza kukudanganya. Kisha sogeza sikio. Sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi akiwa ametulia ni ugonjwa mkali. Mluzi anapotoa pumzi unahitaji dawa ya kufungua njia ya hewa kwanza, halafu uhesabu upya. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, rufaa.

Mtoto wetu wa miezi tisa: pumzi 54, kifua hakibonyei, ananyonya. Ni nimonia ya kutibiwa nyumbani. Ana kilo 7, kwa hiyo anapata amoksilini ya kuyeyusha ya miligramu 250, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5. Kilo 10 hadi kabla ya 14 ni vidonge viwili kila mara, na kilo 14 hadi 19 ni vitatu. Kama angekuwa na pumzi 44, angekwenda nyumbani bila antibiotiki, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa imara, kwa sababu mama amelipa nauli na anataka kuona dawa.

Hatua ya 5: Kuharisha. Tafuta ukavu wa mwili

Uliza ni siku ngapi na kama kuna damu. Siku 14 na kuendelea ni kuharisha kwa muda mrefu. Damu kwenye choo ni kuhara damu na ina dawa yake. Mama akisema "ni meno tu yanaota" au "ni meno ya plastiki", msikilize, kisha endelea kupima. Na kama kuna anayetaka kumng'oa mtoto hayo meno, mkataze kwa upole na kwa msisitizo, maana ni vidonda na maambukizi juu ya ugonjwa aliokuwa nao.

Bana ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, kwa urefu wa mwili. Achia. Inarudi mara moja, inarudi polepole, au inakaa zaidi ya sekunde mbili? Tazama macho, na muulize mama kama ndivyo yalivyo siku zote. Mpe maji uone anakunywaje: anayanyang'anya kwa kiu, au hawezi?

Macho yaliyoingia ndani pamoja na kiu kali, au kuhangaika pamoja na ngozi inayorudi polepole, dalili mbili za aina hiyo, huo ni upungufu wa maji wa kiasi. Anabaki kituoni saa 4 akinywa ORS, mililita 75 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 600, yaani vikombe vitatu vya mililita 200. Mwonyeshe mama kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subirini dakika 10, kisha muendelee polepole zaidi. Saa 4 zikiisha, mpime upya. Asiye na upungufu wa maji anakwenda nyumbani na ORS: chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Wote wanapata zinki kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kwa chini ya miezi sita, kizima kwa wengine. Zinki ndiyo mama huiacha kuharisha kukikoma, hivyo mweleze mapema kwamba inaendelea hata choo kikiwa kigumu.

Aliyelegea, ngozi yake inakaa, hawezi kunywa: huyo ni wa maji ya mshipa, mililita 100 kwa kilo, 30 za kwanza zikienda haraka na 70 zilizobaki taratibu kama chati inavyoonyesha.

Hapa niseme neno juu ya dripu, kwa sababu mkono wa mtumishi mwenye huruma hukimbilia dripu kwa kila mtoto mwenye hali mbaya. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kilifi, Muheza na hospitali nne za Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu, ambao hawakuwa wakiharisha wala hawakuwa na utapiamlo mkali. Waliomwagiwa maji mengi kwa haraka walikufa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakumwagiwa, asilimia 7.3. Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kinyume chake, na tulifanya hivyo kwa nia njema. Kwa hiyo kabla hujafungulia dripu ikimbie, jiulize: huyu amekaukiwa na maji, au ana homa kali na mikono ya baridi? Jibu linabadilisha kila kitu.

Hatua ya 6: Homa. Pima, kisha ukitii kipimo

Tangu 2010 WHO inataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Kipimo cha haraka kisome kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti yake, si kabla wala saa moja baadaye. Mtoto aliyemaliza mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mstari bado, hivyo uliza dawa alizotumia karibuni.

Kikionyesha malaria na hakuna dalili ya hatari, toa ALu, yaani dawa ya mseto, kwa uzito: kilo 5 hadi kabla ya 15 kidonge kimoja, kilo 15 hadi kabla ya 25 viwili, mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa ya mama au chakula.

Kisipoonyesha, usitoe mseto "kwa usalama". Kufanya hivyo kunakufanya uache kutafuta. Kagua shingo kama imekakamaa, ngozi kama ina vipele vya surua, mkojo, koo. Na kukiwa na malaria usiache nimonia: mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana pumzi zilihesabiwa kabla ya kidole kuchomwa.

Hatua ya 7: Masikio, lishe, damu, chanjo

Sikio linalotoa usaha chini ya siku 14 linahitaji antibiotiki na kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni rufaa.

Lishe pima kila mtoto, hata mnene. Zungusha utepe katikati ya mkono wa kushoto wa juu. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba sekunde chache: shimo likibaki, ni mkali pia, hata kama utepe unasema sawa. Fanya hivi bila watu kuchungulia mlangoni. Mama wa mtoto aliyekonda huwa ameshasikia mtaani kwamba mtoto "amebemendwa", na anakuja akiwa amebeba aibu ambayo si yake. Mwambie wazi kwamba ni chakula na magonjwa, na kwamba kuna tiba.

Weupe wa kiganja, dalili ya upungufu wa damu, ulinganishe na kiganja chako na cha mama. Kisha VVU, chanjo, vitamini A na dawa za minyoo kwenye kadi ya kliniki.

Hatua ya 8: Ukitoa rufaa, usimtoe mtoto mikono mitupu

Dozi ya kwanza inatolewa kituoni: antibiotiki, na artesuneti kama ni malaria kali. Zuia sukari isishuke: anyonye, au apewe maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, gramu 20, kwenye mililita 200. Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani kama umefunzwa kuuweka. Barua iseme ulichoona, ulichotoa na saa uliyotoa. Halafu uliza kinachomzuia: nauli, mume aliye shamba, watoto wawili walioachwa ndani. Ukiuliza "Utakwenda?" atasema ndiyo. Ukiuliza "Utakwenda na nini, na nani atabaki na wengine?" utajua kama kweli atafika.

Hatua ya 9: Dozi ya kwanza mbele yako, na mama akuonyeshe

Anayekwenda nyumbani ameze dozi ya kwanza mbele yako. Akitapika ALu ndani ya saa moja, irudie. Kisha mpe mama kikombe.

"Mama, hebu niandalie hii ya jioni kama utakavyofanya nyumbani."

"Naweka kidonge kwenye kijiko, naweka maji ya kunywa, kinayeyuka, nampa."

"Vizuri kabisa. Ya asubuhi je?"

"Vivyo hivyo. Mpaka siku tano, hata akichangamka."

Huyo ameelewa. Ukiuliza "Umeelewa mama?" jibu ni moja tu, na halikuambii kitu. Muulize vivyo hivyo ni nini kitakachomfanya arudi bila kusubiri tarehe. Akutajie mwenyewe: akishindwa kunywa au kunyonya, akizidiwa, akihema haraka au kwa shida, homa ikianza, damu kwenye choo.

Hatua ya 10: Siku ya tatu

Mtoto wa nimonia anarudi baada ya siku 3. Mwekee benchi la mbele, asipange foleni upya. Toa kadi, tafuta ile namba 54, hesabu tena dakika nzima. Pumzi zikiwa zimepungua, homa imeshuka, anakula vizuri kuliko juzi, amalize siku zake 5. Zikiwa palepale au zimeongezeka, au kifua kimeanza kubonyea, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, na namba zote mbili unaziandika kwenye barua ya rufaa.